Mbegu za Mama Nilizozipika

Mama yangu hajawahi kupanda maharagwe ya rangi moja. Ukifunua kikapu chake cha mbegu ulikuta mekundu makubwa, ya njano, meupe madogo, meusi, ya madoadoa, ya zambarau yanayopauka yakikauka, na mengine ya rangi ya majivu ambayo hata mwenye njaa hayatazami mara mbili. Aina kumi na mbili kwa jumla. Hakuwa anazihesabu kwa macho. Aliingiza mkono kikapuni, akayapitisha maharagwe kati ya vidole, akasema, "Ya njano imepunguka." Ukichungulia, kweli, ya njano yamepungua. Mimi nilikua nikidhani mama wote wa Vuhovi, kilima chetu, wana vidole vya namna hiyo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa majivuno. Watu wa kilima chetu wanalijua hilo na wananitania kwalo, nami sikasiriki, au nakasirika kidogo tu. Majivuno hayo ndiyo yaliyonifanya niharibu kitu ambacho mama yangu alikitunza maisha yake yote. Leo nikipita katikati ya shamba langu bado natembea polepole ili watu wanione, lakini najivunia watu wengine kuliko ninavyojivunia nafsi yangu. Hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Nyumbani kwetu kuna desturi. Binti akiolewa, anatoka na kikapu cha mbegu. Siku moja kabla ya harusi, mchana kweupe, mama anakijaza kikapu uani mbele ya watu wote. Kikishajaa, anachota kiganja kimoja na kukirudisha, anakifunga kwenye ncha ya kitenge chake. "Nyumba isibakie bure," anasema, yaani isibaki tupu, na watu wanapiga makofi. Dada yangu mkubwa alitoka na kikapu chake, akashuka nacho Mavivi, upande wa joto, ng'ambo ya Beni. Mdogo wangu akapanda na chake Lubero, kule ambako asubuhi unapuliza vidole kabla ya kushika jembe. Mimi niliolewa kilima kilekile, nyumba ya tatu kutoka kwa mama, na sikupewa kikapu.

"Wewe uko hapa hapa," mama aliniambia. "Gala yangu ni yako. Kikapu cha nini?"

Nilicheka pamoja na wengine. Lakini jambo lile liliniuma, nikanyamaza, na kunyamaza si kawaida yangu.

Miaka ikaenda. Nikawa mjane, nikaunga shamba langu na la mama tukalima pamoja, na alipoanza kuingiwa na ukungu machoni mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka mavuno sokoni Butembo. Siku moja mwenye depo fulani ya kununua mavuno kwa jumla alimimina maharagwe yangu kwenye sinia, akayatazama, akacheka kwa sauti ya kuita watu.

"Mama, hii ni maharagi ao ni kokoto ya barabara?"

"Ni maharagi," nilimjibu. "Macho yako iko na shida?"

"Batu ya muji banataka rangi moja, mama. Banapika yote inaiva pamoja. Leta nyekundu, safi, ya kulingana, nitakamata yote."

Wanawake waliosimama kwenye foleni walikuwa na magunia ya maharagwe mekundu, yamelingana. Wawili walitazama pembeni ili wasinitazame mimi. Niliubeba mzigo wangu nikarudi nao nyumbani shingo imenyooka, lakini ndani nilikuwa nawaka.

Muda si mrefu, mdogo wangu wa Lubero alijifungua na mama akaenda kumsaidia. Msimu wa kupanda wa Machi ulikuwa unakaribia. Kabla ya kuondoka alinishika mkono akauweka juu ya kikapu. "Mvua ikikaza, panda. Panda vile iko." Maneno yake yalikuwa hayo tu. Panda vile iko.

Sikupanda vile ilivyo. Nilitandika mkeka uani, nikachukua ungo, nikachambua mbegu za mama siku mbili nzima. Mekundu makubwa huku, mengine yote kule. Nilijiona mwerevu, nikajiambia mama ni mtu wa zamani na sasa ni wakati wangu. Mekundu hayakutosha shamba zima, nikanunua mengine ya namna ileile Butembo. Kule upande wa pili wa mkeka ikabaki rundo: ya njano, meupe, meusi, ya madoadoa, yale ya majivu. Sufuria nzima.

Basi, sisi wanawake wa kilima tuna kikundi cha kulima kwa zamu. Leo tunalima kwangu, juma lijalo kwako, na mwenye shamba ndiye anayepika. Zamu yangu ilikuwa imefika. Nitawapikia nini watu kumi na tano? Nilitazama rundo lile, nikaona jibu.

Nilipika mbegu za mama yangu. Nilizipika kwa mawese na vitunguu, nikazitia chumvi vizuri, na wanawake walikula wakaramba vidole. Mmoja wao, mama wa rika la mama yangu, aligeuzageuza maharagwe kwenye sahani yake.

"Hii haikukuwa mbegu?" aliniuliza.

"Zingine ziko," nilimjibu.

Hazikuwepo. Yale ya majivu hayakuiva hata, yalibaki magumu na tukayatupia kuku.

Mekundu yangu yalipandwa kwa mistari iliyonyooka kutoka juu ya kilima hadi chini, kama nilivyoona kwenye mashamba ya watu waliosifiwa. Yaliota kwa siku moja, urefu mmoja, kijani kimoja. Jumapili baada ya misa nilichagua njia inayopita kando ya shamba langu ili watu wapite nami. Walisifu, nami nikazipokea sifa.

Zamani kwetu mvua ilikuwa na adabu. Ilikuja alasiri, kidogo kidogo, karibu kila siku, na ukikosa mvua leo ulijua kesho ipo. Nilipokuwa mtoto tulikwenda shule tumevaa sweta mbili. Siku hizi mvua inajificha majuma matatu, halafu inamwagika yote mchana mmoja, na katikati panakaa jua ambalo sisi tulilijua kuwa ni jua la Beni. Msimu ule mvua ilianza mapema, ikatuchekea. Maharagwe yangu yalitoa maua yote katika juma moja, maana yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Na juma hilo hilo mvua ikakatika.

Maua yalianguka. Sikuwa nimewahi kuona shamba zima likiangusha maua. Nilitembea kati ya mistari nikiyakanyaga, nikachota maji kisimani kwa madumu siku mbili mpaka mabega yakanishinda, na udongo uliyanywa ukaomba mengine. Halafu mvua ikarudi kwa mchana mmoja, na mawe ndani yake. Kwa kuwa mistari yangu ilikuwa imeshuka moja kwa moja, kila mstari ulikuwa njia ya maji. Udongo mweusi wa juu, ule ambao marehemu mume wangu aliupa mbolea ya mbuzi miaka na miaka, ulikwenda kulala kwenye magimbi ya jirani bondeni.

Jirani huyo alikuwa amepanda mchanganyiko wake, kama mama zetu. Maharagwe yake mafupi yalikauka kama yangu, lakini yale yanayopanda juu ya miti yalikuwa hayajatoa maua wakati wa jua. Yalingoja, yakaikuta mvua ya pili, yakazaa. Alivuna chini ya nusu ya kawaida yake, na watoto wake wakala. Mimi nilivuna karai moja.

Mama alirudi kutoka Lubero mchana, mgongoni mwa pikipiki. Hakwenda shambani. Aliingia galani, akainama, akaingiza mkono kikapuni. Mle ndani nilikuwa nimeweka mbegu mpya kutoka kwenye karai langu, nyekundu tupu. Nilimwona akizipitisha kati ya vidole, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

"Zingine ziko wapi?"

"Tulikula, mama."

"Na nani?"

"Na bamama ya kikundi."

Alitoa mkono kikapuni. "Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu, mama," nilisema, na hapo nililia, mtu mzima kama mimi, nimeshika mlango wa gala. Angenitukana ningemjibu, na tungemaliza.

Aliweka kifuniko juu ya kikapu. Tangu siku hiyo hakuingiza mkono wake mle tena. Jioni ile tulipokuwa tunakula, aliniuliza swali moja. Binti yangu alikuwa ameshachumbiwa na kijana wa Lubero, wazazi wa kijana walikuwa wamekwisha kuja kujitambulisha, na tulikuwa tumekubaliana harusi ingojee binti amalize masomo yake ya ualimu. Ilikuwa imebaki misimu mitatu ya kulima.

"Mutoto wako ataolewa na kikapu gani?" mama aliuliza. "Mimi siwezi kubariki kikapu cha soko. Na hapana mutoto wa hii nyumba anatoka mikono mitupu."

Basi nilikuwa na misimu mitatu.

Mbegu za mama sasa walikuwa nazo ndugu zangu wawili tu. Nilianza na njia rahisi. Nilimpigia simu mdogo wangu wa Lubero, naye akanitumia mbegu kupitia mchuuzi wa viazi. Yalikuwa maharagwe manene, yanang'aa, ukiyashika unajisikia tajiri. Nilihesabu aina saba. Zile nyingine tano zilikuwa zimemwozea kwenye baridi na matope ya kule, mwaka huu moja, mwaka ule nyingine, wala hakuwa ameona. Nilizipanda Septemba. Zilipanda, zikapanda, majani mapana kama ya maboga, na wapita njia wakasifu. Maganda yakawa machache ya kuhesabika. Mbegu zile zilikuwa zimezoea Lubero, na Vuhovi imekuwa nchi ya joto tukiwa tunaitazama. Niliokota nilichopata nikaweka akiba. Msimu mmoja ukawa umekwisha.

Palibaki Mavivi. Na shida ya Mavivi ilikuwa mdomo wangu.

Miaka mingi nyuma, dada yangu mkubwa alipanda kwetu siku za Bonane, sikukuu ya mwaka mpya, akiwa na mfuko wa maharagwe yake kama zawadi. Yalikuwa madogo, magumu, mengi yakiwa meusi. Niliyamimina kwenye sinia mbele ya watu wote nikamwambia, kwa jina letu la dada mkubwa, "Yaya, huku tunalima maharagi. Hii ni mavi ya mbuzi." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye pia alicheka. Lakini tangu siku hiyo kila alipokuja alileta mchele, au mawese, au ndizi. Maharagwe hakuleta tena.

Nilizunguka simu ile mwezi mzima. Hatimaye nilipiga, nikasalimia, nikauliza watoto, nikauliza kakao, nikauliza mvua.

"Sema vile unatafuta," alinikata.

"Yaya, ninatafuta mbegu."

"Mbegu gani? Mavi ya mbuzi?" Akacheka. Alicheka mpaka inite za simu yangu, yaani salio, zikaisha. Baadaye alinipigia yeye. "Kuya wewe mwenyewe. Hapana tuma mutu."

Niliteremka Beni siku ambayo watu wengi walikuwa wanateremka, maana njia ile ina watu wa bunduki, mtu hapiti peke yake akijisikia tu. Dada yangu nilimkuta mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Niliketi barazani kwake nikasikia mambo ambayo kwenye simu hakuwahi kuyasema. Mara mbili walikimbia shamba kwa sababu ya wauaji wanaotoka msituni. Mara ya kwanza aliacha masufuria. Mara ya pili aliacha hata viatu. Mara zote mbili kikapu cha mbegu kilitoka naye, kichwani, na mtoto mgongoni. Mjini Beni, wakiwa wamejibana kwenye chumba cha watu, aliomba kipande cha ardhi nyuma ya kanisa dogo la Waprotestanti, yeye Mkatoliki wa tangu kuzaliwa, akapanda viganja viwili ili mbegu zisife.

"Ungekula ile mbegu, nani angekulaumu?" nilimuuliza.

"Mama alinipatia," alijibu, kana kwamba nimeuliza kwa nini jua linatoka.

Mimi nilikuwa nimemhesabu dada yangu kama mtu aliyepotelea kwenye nchi ya mihogo. Nilipika mbegu zilezile nikiwa nimeshiba, nyumba haijaguswa, mvua tu ndiyo inatutania. Nilisikia haya mpaka masikioni. Halafu haya ikapita, nikasikia fahari kubwa juu yake, fahari ya kutaka kusimama barabarani na kumwonyesha kwa kidole: huyu ni dada yangu, tumbo moja.

Hakunipa mbegu siku ile. Alinipikia kwanza. Aliniwekea sahani iliyojaa maharagwe madogo meusi na ugali wa muhogo, akaketi mbele yangu, mikono kifuani.

"Kula."

Nilikula.

"Iko namna gani?"

"Iko tamu, yaya."

"Inaitwa nini?"

"Maharagi."

"Ya nani?"

"Ya mama."

"Maliza sahani," alisema, na sasa macho yake yalikuwa yanacheka.

Asubuhi yake tulikwenda shambani, kipande kilicho karibu na makazi, na nilijifunza kutoka kwake kama mtoto wa darasa la kwanza. Hapandi yote siku moja. Mvua ya kwanza ikishuka anapanda theluthi, anangoja majuma mawili anapanda nyingine, anangoja tena. Anafunika udongo kwa majani makavu na maganda ya msimu uliopita, na ukiingiza kidole chini yake saa sita mchana unakuta ubaridi. Mengine anayaweka chini ya kivuli cha migomba. Yale ya kupanda juu anayaacha yashike mabua ya mahindi.

"Mvua inaweza kudanganya hii," alisema akionyesha kwa mguu, "ikadanganya na ile. Lakini yote? Hapana."

"Nani alikufundisha?"

"Nilikosa mara mingi. Wewe umekosa mara moja tu, unalia."

Kikapuni mwake mlikuwa na aina tisa. Yalikuwa ni maharagwe yaleyale ya mama, lakini miaka ishirini na zaidi ya joto ilikuwa imeyafinya: yamepungua mwili, ngozi imekuwa ngumu, na meusi yamezidi mengine. Nilipata aina nne ambazo Lubero zilikuwa zimekwisha kufa. Yale ya majivu hayakuwemo. Alinijazia kikapu mpaka juu, na kabla sijashukuru alichota kiganja kimoja, akakirudisha, akakifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Hakuna aliyepiga makofi, tulikuwa wawili tu. Nilisema "wasingya," asante ya kwetu, kwa sababu Kiswahili hakikutosha.

Niliporudi Vuhovi nilifanya jambo lililonigharimu kuliko safari. Siku ya kikundi, tulipomaliza kulima kwa mwenzetu, nilisimama nikawaambia wanawake ni nini nilichowapikia mwaka ule. Majembe yaliwekwa chini. Halafu yule mama wa rika la mama yangu akasema, "Kumbe ndo sababu ilikuwa tamu vile!" na wote wakacheka hata mmoja akaketi kwenye matope. Walipomaliza kucheka akasema, "Tulikula sisi wote. Basi, tutalima sisi wote." Walikuja kwangu zamu tatu mfululizo bila kuniruhusu niwashe moto. Tulichimba mitaro inayokata kilima kwa upana, ili maji yasimame na kunywewa badala ya kukimbia, na kwenye kingo za mitaro tukapanda matete, mizizi yake ishike udongo na majani yake wale mbuzi.

Nilichanganya mbegu za Lubero na za Mavivi kwenye ungo mmoja. Nilizipanda kwa awamu tatu, nikafunika udongo. Mvua ilikatika tena, kama tulivyoanza kuizoea. Nilikwenda shambani kila asubuhi na roho mkononi. Manene ya Lubero yaliangusha maua mengi. Yale madogo ya Mavivi yalikunja majani mchana, jioni yakayafungua, na maua yakabaki. Mvua ya fujo iliporudi, mitaro ilijaa, na udongo wangu haukuhama. Sikuvuna kama watu wa zamani walivyovuna. Lakini nilivuna rangi zote, kasoro ile ya majivu tu, kwenye mkeka mmoja, nikaketi kando nikazitazama mpaka binti yangu akaniuliza kama naumwa.

Msimu uliofuata ulikuwa wa mwisho kabla ya harusi, na tulivuna zaidi. Wanawake wa vilima vya jirani walianza kuja kuomba mbegu. Niliwapa, na kila aliyepewa nilimwomba kitu kimoja: akiona mahali popote haragwe la rangi ya majivu, aniite. Pembeni mwa shamba nimeweka kipande kidogo cha mekundu tupu kwa ajili ya soko, sijawa mjinga wa kukataa fedha. Yule mwenye depo siku moja alinikuta na mfuko wa mchanganyiko.

"Mama ya kokoto! Unauzisha hii?"

"Hii hapana ya kuuzisha," nilimwambia. "Ndo inalisha nyumba, inafanya mimi nikuletee ile nyekundu."

Siku moja kabla ya harusi, uani palijaa watu. Dada yangu alikuwa amepanda kutoka Mavivi. Mdogo wangu alikuwa ameshuka kutoka Lubero na wakwe, naye alikuwa ameniambia pembeni kwamba hata kule juu jua limeanza kuyachoma yale manene yake. Joto linapanda vilima. Basi, niliona vizuri, binti yangu angelitangulia joto hilo akiwa na mbegu zinazolijua tayari.

Kikapu kilikuwa katikati ya ua, kimejaa. Mama aliletwa kwenye kiti. Macho yake sasa yanaona mwanga tu. Nilipiga magoti nikamsogezea kikapu. Tangu siku ile galani hakuwa ameingiza mkono kwenye mbegu zangu. Angekataa, binti yangu angeondoka mikono mitupu kwa sababu yangu mbele ya wakwe zake.

Aliingiza mkono. Watu walisogea, hata watoto.

"Ya njano iko," alisema. "Madoadoa iko. Nyeupe iko." Vidole vilikuwa vinatembea. Vikasimama. "Hii kadogo, hii ngumu. Hii hapana yangu."

"Ni yako, mama," dada yangu alisema kutoka nyuma. "Ni ile ulinipatia. Ni joto ilifanya ikuwe vile."

Mama alitoa moja, akaiweka mdomoni, akaiuma kwa jino lake la pembeni. Ilikataa. "Imekuwa kadogo na ngumu," alisema. "Kama mimi." Uani watu walicheka, na mimi nikapumua. Lakini vidole vilirudi kikapuni, vikatafuta tena.

"Ya majivu haiko."

"Haiko, mama," nilisema. "Ilipotea. Bado ninaitafuta."

"Ile ilikuwa ya mama yangu." Alisema hivyo bila hasira. Alizigeuza mbegu mara moja tena. Halafu akainua uso kuelekea sauti ya binti yangu. "Mutoto, beba. Kikapu kimejaa."

Watu walianza kupiga makofi, akawanyamazisha. Alichota kiganja cha kurudisha. Tulingoja akifunge kwenye ncha ya kitenge chake, kama alivyofanya kwa dada yangu, kama alivyofanya kwa mdogo wangu. Hakufunga.

"Uko wapi?" aliniuliza.

"Niko hapa, mama. Mbele yako."

"Fungua mukono."

Nilifungua mikono yote miwili. Alinimiminia maharagwe yale, akayafunika kwa viganja vyake.

"Benzako nilibapatia," alisema. "Wewe nilikuambia gala yangu ni yako, nikakunyima kikapu. Kosa ya kwanza ilikuwa yangu."

Nina miaka hamsini na mitatu. Nilifunga maharagwe yale kwenye ncha ya kitenge changu, mafundo mawili, na watu wakanipigia makofi kana kwamba ni mimi niliyekuwa naolewa.